Soma Kosa Kabla ya Kufuta

Mwanangu, haya nimekwisha kuyasema, na leo nayarudia kwa sababu nakupenda. Kompyuta ya nyumbani ikikusumbua kwa kosa lile lile, unakimbilia dawa moja tu: ifutwe, ipigwe Windows upya. Picha za harusi zinakwenda, hesabu za duka zinakwenda, na baada ya siku chache kosa limerudi, maana hukuuliza lilikotoka.

Jambo la kwanza, okoa vilivyo vyako. Nakili mafaili kwenye fleshi au diski ya nje kabla hujagusa chochote.

La pili, soma. Skrini ikigeuka bluu usikimbilie kuzima. Lipige picha kwa simu lile jina la kosa. Likiwa MEMORY_MANAGEMENT, huenda RAM ndiyo mbovu, na RAM mbovu haiponi hata ukipiga Windows mara kumi. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, uiruhusu mashine ijizime, iwake na kujikagua. Kisha andika perfmon /rel. Utafunguliwa chati ya siku kwa siku, na siku zilizoharibika zina alama nyekundu. Tafuta ile ya kwanza kabisa, ujiulize: siku hiyo niliweka programu gani? Umeme ulikatika mashine ikiwa kazini?

Ikiwa mafaili ya Windows yenyewe ndiyo yameharibika, dawa imo humo humo. Fungua lile dirisha jeusi la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Intaneti iwepo, kwani kwa kawaida mafaili mazima huvutwa kutoka Microsoft. Ikimaliza, andika sfc /scannow, yaliyoharibika yabadilishwe. Asilimia zinaweza kuganda mahali pamoja kwa muda mrefu. Ziache. Wengi huharibu hapo, kwa kuzima kazi ikiwa katikati.

Tena, mwanangu, badilisha jambo moja, washa upya, itumie mashine, utazame. Ukigusa matatu kwa mkupuo na kosa likatoweka, hutajua lipi lililotibu, na likirudi utaanza sifuri. Kila ulilofanya liandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Na hizo programu za bure zinazokuahidi kusafisha kila kitu kwa kubofya mara moja, achana nazo; nyingine ndizo zinazoleta virusi.

Mwenda pole hajikwai. Lakini diski ikianza kugongagonga, au RAM ikionekana mbovu, usishindane nayo. Nenda kwa fundi bila haya, daftari mkononi. Mwambie kosa linaitwaje, lilianza lini, na umejaribu nini. Fundi mwaminifu atakushukuru kwa kumpunguzia kazi, na mjanja hatapata pa kukudanganyia.