Cha Wote, Mwenyewe Nani?

Swali la nani mwenye kitu kinachotumiwa na wengi ni kongwe, na aghalabu tumelijibu kwa wepesi: "Ni chetu sote." Nimelikuta limejibiwa kwa uangalifu zaidi mahali ambapo mzee wa rika langu hatazamiwi kupita: katika kanuni za mafundi wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Helsinki.

Programu za mfumo huo hugawiwa katika vifurushi. Kifurushi kikiingia katika kompyuta huweka mafaili yake ndani ya saraka, ambazo ni mfano wa vyumba, na daftari la mfumo huandika kila kitu ni cha nani. Faili halina taabu. Kwa kawaida lina mwenyewe mmoja. Lakini chumba kinachotumiwa na vifurushi vitano kiandikwe kwa jina gani? Kisipoandikwa kwa jina lolote, vifurushi huweza kuondolewa vyote, chumba kikabaki kitupu bila wa kukifunga.

Mafundi wa Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, wameamua hivi. Saraka za msingi, kama /usr/bin, ni za kifurushi kimoja cha msingi, na vingine visijiandikishe kuwa wenyewe. Kwa saraka nyingine, kifurushi ama kikubali umiliki, ama kitegemee waziwazi kifurushi kingine ambacho ndicho mwenyewe. Pale visipotegemeana, huweza kuandikwa vyote, mradi viafikiane juu ya ruhusa za kuingia. Kikiondoka kimoja, saraka hubaki. Kikiondoka cha mwisho, nayo huondolewa ikiwa tupu.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa wanakaa, kwa kuwa kumiliki si kumfukuza mwenzio, bali ni kuwajibika.

Katika maisha yangu ya ualimu nimeona bwalo la chuo likiwa la wote. Kioo kilipovunjika, kila idara iliingojea nyingine, na mvua ikaingia. Watu hawakuwa wabaya. Walikosa tu orodha ya majina nyuma ya yale maneno "chetu sote."

Atatokea wa kuniambia kwamba binadamu si kifurushi: kompyuta hutii, lakini mtu huweza kuandikwa jina akalala. Ni kweli. Daftari halimtii mtu moyo wa kujali. Hata hivyo, jina lililoandikwa humpa jirani haki ya kuuliza, na aliyelala humpa sababu ya kuamka. Pasipo jina, lawama ni ya wote, na lawama ya wote haimuumi mtu.

Kwa hiyo naona haki iko hapa: anayetumia cha wote ama abebe sehemu yake ya mzigo, ama amjue kwa jina yule anayembebea.