Kazi ya Kununua ni Riziki ya Nani?

Kijana wa Garsen, Tana River, anayetafuta kazi hupewa nasaha mbili, pengine siku hiyo hiyo. Wazee humwambia atulie, riziki imeandikwa. Wenzake barazani humkumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi: auze ng'ombe, ampelekee mkubwa fulani, jina lake litokee kwenye orodha.

Nasaha ya wazee ina mizizi. Mto Tana haumwachii mtu kiburi. Mpokomo hupanda mahindi na mpunga kingoni, furiko moja likabeba vyote. Muorma hushuhudia ukame ukimmalizia mifugo. Hata serikali imeonjeshwa: mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, pale Gamba uliharibiwa na mafuriko ya El Niño yaliyoanza mwaka 1997. Aliyekulia hapo hahitaji kufundishwa kwamba jasho peke yake halileti mavuno.

Lakini dini yenyewe haikumwambia mtu akae. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ndege ndio mfano wa tawakali: huondoka asubuhi na njaa, hurudi jioni wameshiba. Wanaohubiri utulivu hukumbuka shibe ya jioni, wakasahau safari ya asubuhi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mkali zaidi: kwake, asiyelima wala kupanda mbegu huku akingoja Mungu amwoteshee mazao hana tawakali, ana wazimu. Kwa Wakristo wa Ngao, ambako wamisionari wa Neukirchen walifika karne ya 19, Mtume Paulo ndiye mwenye neno: asiyetaka kufanya kazi asile. Hapo alimlenga mvivu, si yule aliyeitafuta akaikosa.

Swali gumu limo katika nasaha ya pili. Ikiwa riziki imeandikwa, aliyenunua nafasi naye aliandikiwa? Wanazuoni wa Kiislamu walibishana hasa juu ya jambo hili. Kundi la Mu'tazila lilisema haramu haiwezi kuitwa riziki. Wapinzani wao, Maash'ari, wakawauliza: basi mtu aliyekula haramu maisha yake yote alikufa bila kuruzukiwa na Mungu? Kwao, kila kinachomfikia mtu akanufaika nacho ni riziki, ila cha haramu ataulizwa.

Maash'ari wana hoja nzito, na hoja yao humnyang'anya mtoa hongo udhuru anaoupenda kuliko wote, ule wa kusema “ni Mungu kanipa.” Kanipa, sawa. Kupewa si kuhalalishiwa.

Sheria ya Kenya nayo haingoji Kiama. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Waliojipenyeza kwa udanganyifu nao husakwa: mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi zaidi ya 2,000 waligunduliwa kuwa na vyeti bandia, na mahakama zimewahi kuwaamuru watu wa namna hiyo warudishe mishahara waliyolipwa, iwe ilishaliwa au ilishajengea nyumba.

Safari ya asubuhi, kwa mtu wa Tana River, ni mambo makavu. Aombe mapema cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, maana wengi hungoja tangazo litoke ndipo wahangaike. Afuatilie matangazo ya bodi ya utumishi wa umma ya kaunti kule Hola. Ajue pia kwamba Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Mahali ambapo Wapokomo, Waorma na Wawardei huhesabiana majina kila orodha ikibandikwa, kifungu hicho kina kazi zaidi kuliko manung'uniko. Na asiyepata ajira, ajiunge na wenzake wasajili kampuni: asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Anayedaiwa pesa ili aajiriwe asiuze ng'ombe. Aipigie Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) kwa nambari 1551, haina malipo.