Kava Isifunike Siri

Wanangu mnaojifunza ufundi, kazi yetu ina kishawishi ambacho seremala hana. Meza iliyopinda humuumbua aliyeitengeneza siku hiyo hiyo. Sisi tukishafunga kava ya tapeti, kilicho chini yake anakijua aliyefunga na Mungu wake. Nasaha yangu leo ni ya hapo hapo, chini ya kava.

Chukueni injini ya Land Rover ya petroli, lita 2.25, iliyoanza kutoka mwaka 1958. Valvu nane, roka nane. Kubadilisha roka na springi zake hakumshindi fundi aliyetulia, ila mwenye pupa humgharimu.

Bolti za shafti ya roka zilegeze kidogo kidogo, kwa zamu, maana springi zinaisukuma kutoka chini na zinaweza kuipinda. Kisha toboa boksi la karatasi matundu nane, yape namba, uchomeke kila pushirodi mahali pake. Pushirodi na tapeti yake vimesagana miaka mingi. Kuvichanganya ni kuvunja ndoa za watu.

Roka kuukuu usiiamini kwa macho. Pitisha ukucha pale inapogonga mkia wa valvu. Ukizama kwenye kishimo, roka hiyo weka kando. Msiseme mtarekebisha tu nafasi kati ya roka na valvu. Fila ya kuipimia ni bapa, hulala juu ya kishimo kama ubao juu ya mtaro, ikakwambia nafasi ni milimita 0.25 kumbe imezidi. Injini itaendelea kugonga, nawe utaapa kwamba ulipima.

Springi ya zamani na mpya zisimamishe pamoja juu ya kioo. Iliyochoka utaiona imefupika. Hiyo huchelewa kuifunga valvu injini inapokimbizwa, na nguvu hupotea.

Ikiwa silinda hedi haitoki, usikandamize springi kabla valvu haijapata cha kuishikilia kutoka ndani. Wengine hutia upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi. Sisi tulisubiri valvu zote mbili za silinda zifunge, tukaingiza kamba laini, ncha ikabaki nje, kisha tukapandisha pistoni taratibu kwa mkono hadi kamba ibane. Bila hivyo valvu hudumbukia ndani, na hedi itatoka upende usipende.

Kwenye kupima nafasi, shikeni hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa wazi kabisa, pima ya 1, ya 6 ikiwa wazi, pima ya 3, jumla daima tisa. Na kabla ya kugusa ufunguo, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Mkono husikia pushirodi iliyokaa nje ya kikombe chake. Starta haisikii, huipinda tu.

Tena, zibeni kila tundu kwa kitambaa. Hili nalijua kwa aibu yangu.

Nilikuwa mwanagenzi. Zile kabari mbili zinazoishika springi shingoni mwa valvu, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, moja iliniruka ikatumbukia kwenye tundu la kuteremshia oili. Ilikuwa Ijumaa, fundi mkuu kaenda msikitini. Nikachomoa nyingine kwenye hedi mbovu, nikafunga, nikawasha. Injini ikanguruma kama haina neno. Mwenye gari akanishukuru, akanipa na hela ya soda. Soda ile haikushuka.

Asubuhi nilimweleza fundi. Hakunitukana. Alimwita mwenye gari, akamwambia kila kitu mbele yangu, akanipa spana: "Fungua sampu." Nililala chini ya gari lile hadi adhuhuri, nikaikuta kabari kwenye matope ya oili. Fundi aliifuta, akanirudishia mkononi, akaendelea na kazi yake.

Wanangu, vitu vitawaponyoka. Vidole vina mafuta, na jua la mchana halina huruma. Kikianguka, kitajeni kabla kava haijarudi. Ni afadhali mteja akasirike gereji kuliko asimamishwe na injini porini usiku, na watoto ndani ya gari. Kabari ile ninayo bado, kwenye kopo la skrubu. Atakayetaka kuiona, aje. Mungu awaongoze mikono.