Ushindi wa Kupewa

Tarehe 14 Aprili 2024, kwenye nusu marathoni ya Beijing, Wakenya wawili, Robert Keter na Willy Mnangat, pamoja na Mwethiopia Dejene Hailu, walikuwa bega kwa bega na Mchina He Jie zikiwa zimebaki hatua chache tu wamalize. Ghafla wakapunguza mwendo. Kwenye video unaona mkono ukinyooshwa kuelekea mstari, vile mtu humkaribisha mgeni mlangoni: tangulia wewe. He Jie akatangulia. Alimaliza kwa saa 1, dakika 3 na sekunde 44, na wale watatu wakaingia sekunde moja nyuma yake. Kabla ya wiki kuisha, waandaaji walikuwa wamewanyang'anya wote wanne medali na pesa za zawadi.

Mnangat alitoa maelezo mawili. Kwanza alisema alimwachia kwa sababu ni rafiki yake. Baadaye akasema wao waliajiriwa kumwekea kasi, kwa hivyo hawakuwa wakishindana naye. Huku nyumbani tulibishana sana kuhusu hayo ya pili: nani alimlipa nani, nani aliharibia nani jina. Mimi nilikwama kwenye yale ya kwanza. Tuseme hakukuwa na mkataba wala senti. Tuseme ni rafiki tu, na mapenzi ya rafiki. Je, ushindi ni kitu ambacho mtu anaweza kumpa mwenzake?

Wakati huo lilikuwa swali la kupitisha muda kwenye simu. Lilinifika mwilini mwaka uliofuata, Jumamosi moja kwenye uwanja wa gokati kando ya Barabara ya Lang'ata.

Tulikuwa watano. Tulienda kumpongeza mwenzetu tunayemwita Daktari, ambaye alikuwa amepata barua ya kazi ya kudumu baada ya miaka miwili ya vibarua. Wote wanne ni watu niliosoma nao. Tofauti ni kwamba wao walivaa joho na mimi sikulivaa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kuandika: makala za watu, hotuba za harusi, barua za kuomba kazi. Kuna miezi huwa mizuri. Huo haukuwa mmoja wao. Mama Chama, ambaye ndiye huweka pesa za kundi letu hata kama kundi lenyewe halina jina, alinitumia ujumbe mapema: "Wewe kuja tu, usijali mambo ya kiingilio." Nikaenda. Sikujisikia vibaya hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Kama hujawahi kuendesha gokati ya kukodi, ni kitu rahisi ajabu. Vyuma vimeungwa, kiti kimoja cha plastiki, injini ndogo kando yako, pedali mbili: kushoto breki, kulia mafuta. Hakuna gia. Hakuna shoki, kwa hivyo kila ufa wa lami unausikia mgongoni. Hakuna difu pia. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu mawili yanazunguka pamoja yatake yasitake, na ndiyo maana kwenye kona inang'ang'ana kwenda mbele hadi uilazimishe. Mmarekani Art Ingels aliunda ya kwanza huko California mwaka 1956 kwa injini iliyokusudiwa mashine ya kukata nyasi, na ukiisikiliza bado inalia kama inatafuta nyasi. Umekaa chini sana, makalio karibu yaguse lami, na kilomita 50 kwa saa zinakuwa kama 150.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kwamba zote ni sawa. Unapewa namba, unapanda iliyo mbele yako. Hakuna wa kuuliza baba yako anafanya kazi wapi. Sijui mwenzangu msomaji unaishi vipi, ila kwangu mimi sehemu ambazo watu wa rika langu huanzia mstari mmoja si nyingi. Shuleni hatukuanzia mstari mmoja. Kazini ndiyo kabisa. Pale Lang'ata, kwa dakika 10, mimi na watu wenye digrii zao tulikuwa na injini moja, matairi aina moja, na kona zile zile.

Deree alikuwa anaongoza. Tunamwita hivyo kwa sababu amekulia kwenye matatu ya babake. Kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kusikiliza injini. Mimi nilikuwa wa pili, na nilikuwa wa pili wa kweli. Nilikuwa nimegundua kwamba ile kona kali ukiingia ukiwa umechelewa kidogo kukanyaga breki, ukakata karibu kabisa na matairi ya ukingoni, unatoka ukiwa na kasi. Hakuna aliyeniambia. Niliipata kwa kukosea mizunguko minne mfululizo. Wakili na Daktari walikuwa nyuma wakigongana na kucheka. Mzunguko wa mwisho, kwenye kona hiyo hiyo, Deree akatanuka. Akaacha nafasi ya lori kupita. Nikapita. Bendera ya miraba myeusi na myeupe ikapepea, mimi wa kwanza.

Nilipiga kelele ndani ya helmeti hadi nikajichafulia kioo kwa pumzi. Deree mwenyewe ndiye aliyeniinua mkono.

Sasa, pale wanakupa karatasi. Kila gari lina kifaa kinachorekodi ukipita mstarini, na mwishoni unapewa muda wako na wa wenzako, mzunguko kwa mzunguko, hadi mamia ya sekunde. Wengi huitupa au huipiga picha ya kuweka mtandaoni. Mimi ni mtu wa kusoma chochote kilichoandikwa, hata mgongo wa pakiti ya unga. Nikasoma safu ya Deree: 36.41, 36.28, 36.35, 36.30. Inashuka hivyo hivyo kama mtu anayepumua. Halafu mizunguko miwili ya mwisho: 38.92, 41.07. Yangu ilikuwa 37 na kitu, mwanzo hadi mwisho.

Dereva wa namna ile hasahau kona.

Nilimuuliza kwenye matatu tukirudi mjini, wengine wakiwa viti vya nyuma. Alikataa kwanza. Kisha akasema, akiangalia nje dirishani, "Buda, ulikuwa unaihitaji."

Ninataka kuitendea haki sentensi hiyo, kwa sababu ilisemwa na mtu ambaye amenisimamia. Waliosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki hawakuweka masharti kwamba afae kwa unga na nauli pekee. Kuna siku mtu anahitaji kushinda kitu, chochote, kuliko anavyohitaji chakula. Deree aliona uso wangu wiki ile na akatoa alichokuwa nacho. Ukitazama kwa upande huo, ni kisa cha upendo.

Taabu ni hilo neno, alichokuwa nacho. Pesa ya kiingilio ilikuwa ya Mama Chama na wenzake. Waliifanyia kazi, ikawa yao, wakanipa. Nami nimewahi kukesha nikiandika barua ya Wakili ya kuomba mafunzo ya kazi bila kumtoza shilingi. Zawadi na deni kati ya marafiki huzunguka hivyo, ndiyo maana sikuona aibu. Lakini ushindi wa mbio ambazo bado zinaendelea ni wa nani? Si wa Deree. Hajavuka mstari. Kabla ya mstari kila mtu ana kasi yake na bidii yake, basi. Alichokuwa nacho mkononi ni uwezo wa kuacha kushindana, na akiacha kushindana, zile si mbio tena. Ni mtu mmoja anakimbiza gari na mwingine anamwangalia. Kwa hivyo hakunipa ushindi; alivunja kile kitu ambacho ndani yake ushindi hupatikana, kisha akanipa kipande.

Na kuna kitu nilikuwa nacho ambacho kilipotea. Nilikuwa wa pili nyuma ya dereva bora ninayemjua. Hiyo ilikuwa mali yangu, nimeichuma kona kwa kona. Karatasi inasema mimi ni wa kwanza, na hiyo nafasi ya kwanza siwezi kuitumia popote. Ya pili ningeenda nayo nyumbani.

Mashabiki wa magari watanikumbusha Suzuka, Japani, mwaka 1991. Ayrton Senna alikuwa tayari amehakikishiwa ubingwa wake wa tatu wa dunia, akiwa mbele, na mita chache kabla ya bendera akamwachia Gerhard Berger apite. Hao walikuwa timu moja na marafiki wa kweli, wa kutaniana hadi kupitiliza. Ilifanyika hadharani, hakukuwa na siri. Berger alistaafu akiwa na ushindi wa mbio 10 za Formula One, na hadi leo watu wakiuhesabu ule wa Suzuka lazima waongeze maelezo. Rafiki yako amekupa kitu ambacho kila ukikitaja lazima umtaje yeye.

Kuna kisa kingine ambacho watu huchanganya na hiki. Desemba 2012, mbio za nyika huko Burlada, Uhispania. Abel Mutai wetu, aliyekuwa ametoka kushinda shaba ya Olimpiki London mwaka ule ule, alikuwa anaongoza kwa mbali. Akasimama mita chache kabla ya mwisho, akidhani amemaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya alimfikia, na badala ya kumpita akabaki nyuma yake akimwonyesha kwa ishara aendelee mbele hadi mstarini. Kocha wake, Martín Fiz, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa marathoni, alisema yeye asingefanya hivyo. Mimi nasimama na mwanafunzi. Fernández hakutoa zawadi. Mutai alikuwa amemshinda tayari kwa miguu yake. Kilichokosekana ni kuelewana kuhusu mstari uko wapi. Ukiokota pochi ya mtu ukamrudishia, huwezi kusema umemsaidia pesa.

Watoto ni habari nyingine, jamani. Mjomba anayecheza drafti na mtoto wa miaka sita akamla kete zote anahitaji kuombewa. Lakini pale hakuna mashindano, kuna mafunzo, na mjomba ana wajibu wa kumfanya mtoto atake kurudi kesho. Labda hicho ndicho kilichonichoma nilipoona 41.07. Nilijiuliza ni lini, kati ya kona ya tatu na ya nne, niligeuka kuwa mtoto wa miaka sita.

Nilimwambia Deree karibu yote haya, si kwa mpangilio huu, na kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa ndani ya matatu. Alinisikiliza hadi tukapita Nyayo. Kisha akauliza, polepole kabisa, "Na zile barua za kazi unaandikia watu, wanaweka majina yao? Hiyo si kuwashindia?"

Nilinyamaza. Kondakta akachukua nauli, nikarudishiwa chenji, bado nimenyamaza.

Jibu langu, ambalo nimelipika kwa wiki kadhaa na bado sijui kama limeiva, ni kwamba barua haishindi kazi. Barua inabisha mlango. Ndani, kwenye usaili, mtu anakaa peke yake mbele ya watu watatu wenye kalamu, na sentensi zangu haziwezi kumjibia. Lakini najua wako wanaobisha vizuri zaidi kwa sababu walikuwa na pesa ya kunilipa, na wako ambao hawakusikiwa kwa sababu walibisha kwa mkono wao wenyewe. Deree anajua kwamba najua. Hajarudia swali.

Kinachonipa moyo ni kwamba huruma ina nafasi yake mbioni, ila si kwenye kona. Nenda Ngong Racecourse siku ya farasi uone: katika mbio nyingine farasi aliye bora hubebeshwa uzito zaidi ili wengine wapate nafasi. Yametangazwa kabla, kila mtu ameyasoma, na bendera ikishuka wote wanakimbia kwa roho moja. Kwenye gokati pia uzito ni kila kitu, maana injini ni ndogo. Mwepesi anatoka konani haraka kuliko mzito. Hapo ndipo nilipokumbuka mizani. Deree ana kilo 83. Mimi nina 56. Kumbe hata kile kipengee cha 37 nilichokuwa najivunia kilibebwa na njaa zangu.

Mama Chama anakusanya pesa za kurudi Lang'ata Desemba, na safari hii nimetuma za kwangu, mia tano tano mara tatu. Aliuliza kwenye kundi kama kuna mwenye maombi yoyote. Nikaandika kwamba nataka kuanza karibu na Deree, na kwamba waulizie kama kuna vyuma vya kuongeza uzito, viwekwe kwenye kiti changu, kilo 27.

Deree alijibu kwa kidole gumba. Dakika moja baadaye akaongeza: "Utalia."