Masikio ya Mafundi

Mwaka 1994 ilikuwa vigumu kufungua redio bila kukutana na "7 Seconds". Bujumbura ilikuwa na vita vyake, lakini sauti ya Youssou N'Dour ilifika mpaka Buyenzi, na pamoja nayo sauti ya yule dada aliyeimba naye, Neneh Cherry. Aliyemlea dada huyo, baba yake wa kambo, alikuwa mpiga tarumbeta wa jazi, Don Cherry, aliyefariki mwaka uliofuata huko Málaga, Hispania. Muziki wa mzee huyu sijausikia kwenye harusi yoyote ya hapa kwetu na sitegemei kuusikia. Ni mgumu. Hata wenzake wa kazi moja hawakukubaliana kama ni mgumu au ni kelele tu. Ugomvi wao unanivutia kuliko ugomvi wa mashabiki, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinajua zinachokisema.

Ulipamba moto usiku wa tarehe 17 Novemba 1959, katika klabu ndogo ya New York iitwayo Five Spot. Kiongozi wa kundi alikuwa Ornette Coleman wa Texas, na saksafoni yake nyeupe ya plastiki. Pembeni alisimama Cherry, ambaye kesho yake alikuwa anatimiza miaka 23, na tarumbeta ya mfukoni, fupi kiasi kwamba ungedhani ni ya mtoto. Walipewa wiki mbili, wakakaa zaidi ya miezi miwili, na wengi waliokuja kujionea walikuwa wanamuziki. John Lewis, mpiga piano wa Modern Jazz Quartet, alikuwa amekwisha kuwapigia debe. Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra ya New York Philharmonic, akasifu. Roy Eldridge, mkongwe wa tarumbeta, alimsikiliza Coleman akiwa amelewa, akamsikiliza akiwa na akili zake timamu, akapiga naye, kisha akasema huyu anatuchezea tu. Miles Davis naye hakuona cha maana katika upulizaji wa Cherry, na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1989 bado hakuwa amelainika.

Kundi lile halikuwa na piano. Katika jazi waliyoizoea akina Eldridge, piano ndiyo inayotandika njia: wimbo una mpangilio wake wa sauti, na anayebuni anabuni akiufuata. Akitoka nje, kila aliyepo jukwaani anajua ametoka. Coleman na Cherry waliuacha mpangilio ule, wakawa wanafuatana wao kwa wao, sentensi ya mmoja ikizaa sentensi ya mwingine. Kwa kufanya hivyo waliondoa pia kipimo cha kosa. Sasa utamwambiaje mtu amekosea, na hakuna barabara aliyosema ataifuata?

Kwenye gereji za Buyenzi, katika barabara zetu zinazoitwa kwa namba, mafundi hubishana juu ya mlio wa injini kwa ukali kama huo. Huyu anasema ni vali, yule anasema ni bomba la moshi. Ila pale kava litafunguliwa, mmoja atanyamaza, na mwenye gari ataondoka na gari lake. Muziki hauna kava la kufungua, kwa hiyo tangu 1959 hakuna aliyenyamaza.

Nadhani maneno yao yalichanganya mashtaka mawili. Kusema "hajui kupuliza" ni jambo linaloweza kuchunguzwa. Sauti ya Cherry ilikuwa nyembamba, nota zake nyingine zilipasuka, na kasi yake haikuwa ya Miles wala ya Clifford Brown. Hapo wakosoaji hawakusema uongo. Lakini "anatudanganya" ni shtaka juu ya nia, na ndilo lililobeba hasira. Mtu aliyekesha miaka akinoa midomo na pumzi, akakosa kazi, akalala njaa, anamwona kijana asiyepita mlango ule akishangiliwa na watu wakubwa. Ninaielewa hasira hiyo. Ni madai ya haki, kwamba jasho liheshimiwe, na jamii isiyoyasikia madai hayo huwavunja moyo mafundi wake. Tatizo ni kwamba jasho si la aina moja. Kusikiliza wenzako kwa makini kiasi cha kuweza kuwajibu papo hapo, bila mpangilio wa kukushika mkono, nako ni kazi ya miaka.

Waswahili hatuna haja ya kwenda New York kuyaona haya. Waliolelewa katika taarabu ya Zanzibar, ile ya kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ya fidla na ganuni, wapo wasiokubali kabisa kwamba rusha roho ya vinanda vya umeme ni taarabu. Ukiwasikiliza vizuri, wanachokililia ni ile miaka ambayo ganuni humdai mtu kabla haijamkubali. Na wanaojaza ukumbi wakicheza hawajibu hoja hiyo, wanaipita tu. (Mimi niko na wazee katika hili, ingawa kwenye harusi nacheza kama wengine.)

Miles naye ilimfika zamu. Alipoingiza ala za umeme aliitwa msaliti, na mwaka 1986, huko Vancouver, Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta kijana aliyekuwa amemshutumu hadharani, alipanda jukwaani kwake bila kualikwa. Miles alisimamisha bendi mpaka kijana akashuka.

Katika wote hao ninayemheshimu zaidi ni Eldridge, na yeye ndiye aliyekataa. Alikaa akasikiliza zaidi ya mara moja, akachukua tarumbeta akaingia, ndipo akatoa hukumu. Kukataa kwa namna hiyo kuna uzito kuliko sifa za mtu aliyefuata mkumbo.

Aliyelijibu kundi la wakataaji hakutumia maneno. Katikati ya mwaka 1960 John Coltrane, ambaye hakuna aliyethubutu kusema hajui saksafoni, aliingia studio na Cherry na wapigaji waliotoka kwa Coleman. Kanda zilikaa kabatini mpaka mwaka 1966, zikatolewa kwa jina la The Avant-Garde. Wimbo wa kwanza, "Cherryco", ni wa Cherry mwenyewe. Ukiusikiliza kwa utulivu utamsikia Coltrane, mwenye nota mara kumi ya mwenzake, akienda kwa tahadhari, kama anayepapasa ukuta wa chumba asichokijua. Cherry anapiga chache, moja mbili zinapasuka, na anatembea humo kama mwenyeji.