Pepo Isiyo na Bahari

Yohana, mwandishi wa kitabu cha Ufunuo kinachoifunga Biblia ya Wakristo, anasimulia kwamba alioneshwa mbingu mpya na nchi mpya. Na kabla hajasema neno lolote juu ya uzuri wake, anasema kwamba bahari haikuwapo tena. Msomaji wa mwambao hana budi kusita hapo. Mtu aliyekulia kwenye kupwa na kujaa kwa maji, ambaye kitoweo chake, safari zake na nusu ya methali zake zimetoka baharini, anaahidiwa makao ya milele yasiyo na bahari, kisha anatarajiwa ashangilie.

Hata hivyo, Yohana mwenyewe alikuwa kisiwani alipoyaona hayo. Patmos ni kisiwa kidogo cha bahari ya Aegea, mkabala na pwani ya nchi iitwayo leo Uturuki. Anasema alikuwa huko kwa ajili ya imani yake, na mapokeo ya Kanisa yameyafahamu maneno hayo kuwa alihamishwa kwa amri ya watawala wa Kirumi. Ng'ambo, barani, yalikuwako makanisa saba: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Kuyaandikia aliweza, kuyafikia hakuweza. Mnyama wa kutisha katika maono yake anatokea baharini. Kwa mtu aliyefungwa kisiwani, bahari ni ukuta, na mbingu anayoitamani ni ile ambayo ukuta huo umevunjwa. Tena ipo aya moja ambayo wasomaji wengi huipita upesi: kabla bahari haijatoweka, inatakiwa kwanza iwatoe wafu waliomo ndani yake. Watu wa visiwani, ambao wanao jamaa wasio na makaburi, watauona uzito wa mpangilio huo. Bahari hairuhusiwi kwenda na amana za watu.

Baada ya hapo ndipo mji mtakatifu unaposhuka. Unashuka, watu hawaupandii. Hili ni jambo ambalo mahubiri mengi ya mazishini yamelisahau, na ambalo wanazuoni kama N. T. Wright wa Uingereza wamelisisitiza katika miongo ya karibuni: matumaini ya kale ya Wakristo ni ufufuo wa miili na dunia kufanywa upya, wala si roho kuelea mawinguni na vinubi mikononi. Mji wenyewe ni wa mraba, urefu, upana na kimo vikiwa sawa, stadio 12,000, yaani zaidi ya kilomita 2,000 kila upande. Hauna hekalu, hauna jua, hauna usiku. Milango yake ni kumi na miwili, haifungwi kamwe, na kila mlango umetengenezwa kwa lulu moja. Lulu, kama ajuavyo kila mpwani, haichimbwi mlimani. Aliyeiondoa bahari ameiacha zawadi yake mlangoni.

Katika majina ya makao hayo hakuna ugomvi mkubwa baina ya majirani wa pwani hii. Neno Paradiso lilitoka Uajemi ya kale, ambako lilimaanisha uwanja au bustani iliyozungushiwa ukuta, likapita kwa Wayunani. Na Firdausi ya Waarabu inatokana na shina hilohilo. Kiswahili kilikuwa na neno lake, Pepo, na wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hawakuona haya kulichukua: ndilo walilolitia kinywani mwa Yesu alipomwahidi mhalifu aliyesulubiwa kando yake. Ugumu hauko katika jina wala katika bustani. Ugumu uko kwa watu watakaokuwamo. Je, watajuana? Na kama watajuana, watawezaje kuwa na furaha ilhali mmoja wao hayupo?

Kanisa la Magharibi lilipoulizwa maisha ya mbinguni ni nini hasa, lilijibu kwa neno moja: kuona. Waumini watamwona Mungu uso kwa uso, na kuona huko ndiko uzima. Jambo hili lilichukuliwa kwa uzito mkubwa kiasi kwamba Papa Yohane XXII, alipohubiri mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazitauona uso huo hadi siku ya hukumu, alizua mtafaruku mkubwa. Aliyaacha maoni hayo akiwa kitandani pa mauti mwaka 1334, na mrithi wake, Benedikto XII, akatoa tamko mwaka 1336 kwamba roho zilizotakasika humwona Mungu hata kabla ya ufufuo. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alikuwa amekwishaifikisha hoja hiyo mwisho wake. Lau ingekuwako roho moja tu peke yake, inamwona Mungu na haina jirani hata mmoja wa kumpenda, roho hiyo, asema, ingekuwa na heri kamili. Marafiki wataipamba heri hiyo. Hawataikamilisha, kwani haikupungua.

Hoja hiyo ni safi, na usafi wake unatia baridi. Inapata nguvu kutoka kwa Yesu mwenyewe, alipoulizwa na Masadukayo juu ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba mmoja baada ya mwingine, atakuwa mke wa yupi siku ya ufufuo. Alijibu kwamba huko hawaoi wala hawaolewi. Waliouliza walitaka kumtega, na mtego ulifumuka. Lakini jibu lililotolewa kwa wenye hila limesomwa tangu hapo mbele ya wajane wasiokuwa na hila yoyote, na si wote walioondoka wamefarijika.

Washairi hawakuridhika kwa wepesi kama wanatheolojia. Dante Alighieri, aliyekufa mwaka 1321, alimweka Aquinas katika mbingu ya Jua, ndani ya duara la wenye hekima waliogeuka nuru. Hapohapo, katika wimbo wa kumi na nne wa Paradiso yake, inazungumzwa habari ya ufufuo wa miili, na nuru zile zinaitikia amina kwa haraka inayomshangaza mshairi. Anatambua kwamba zina hamu ya miili yao iliyokufa. Kisha anakisia, kwa neno moja la shaka, kwamba huenda hamu hiyo si kwa ajili yao wenyewe tu, bali kwa ajili ya mama zao, baba zao, na wengine waliowapenda kabla hawajawa miali. Nyuso zile hazikutosha kuwa nuru. Zilitaka kutambulika. Dante hakumpinga mwalimu wake kwa hoja. Alimpa kiti katika duara ambalo mama anakumbukwa, akaendelea na safari.

Karne tano na nusu baadaye, hamu hiyohiyo ilitokea nchini Marekani kwa sura nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikwishaua watu zaidi ya 600,000, na karibu kila mji ulikuwa na mama, mchumba au dada aliyefiwa. Mwaka 1868 mwandishi Elizabeth Stuart Phelps alichapisha riwaya juu ya msichana aliyempoteza kaka yake vitani, ambaye faraja kavu za wachungaji zinazidi kumuumiza mpaka shangazi yake anapomsimulia mbingu yenye nyumba, bustani, mazungumzo na kaka huyohuyo. Katika mbingu hiyo hata msichana anayetamani kinanda anaweza kukipata. Wahakiki wa dini walikasirika. Kitabu kikauzwa kwa wingi ajabu. Ni rahisi kukicheka kinanda. Si rahisi kumcheka mtu anayeuliza kama kaka yake bado ni kaka yake.

Waama, hata Augustino, ambaye Aquinas alimfuata katika mengi, ana ushahidi wake dhidi ya ile roho ya upweke. Mwaka 387, katika mji wa bandari wa Ostia karibu na Roma, alisimama dirishani pamoja na mama yake, Monica, wakitazama bustani na kuzungumza juu ya maisha ya watakatifu. Anasimulia katika Maungamo yake kwamba mazungumzo yaliwapandisha ngazi kwa ngazi hadi wakaugusa umilele kwa kitambo kidogo, kisha wakarudi kwenye sauti za vinywa vyao. Siku chache baadaye Monica aliugua na kufa. Mwonjo mkuu wa Pepo aliousimulia Augustino hakuupata akiwa peke yake. Aliupata ubavuni mwa mama yake, katika maongezi.

Bado hilo ndilo swali jepesi. Zito ni la yule asiyekuwapo. Mafundisho ya Wakristo wengi yanasema kwamba wako watakaoingia na wako watakaobaki nje, na haielekei kwamba mstari huo utafuata milango ya nyumba. Mama ataingia, mwana atabaki. Basi machozi ya mama yatafutwaje?

Augustino alilikabili jambo hili mwishoni mwa Mji wa Mungu, kitabu alichokimaliza yapata mwaka 426. Wenye heri, asema, hawatasahau. Wakisahau mateso waliyookolewa nayo, watamshukuruje aliyewaokoa? Watayajua maovu yaliyopita kama tabibu ayajuavyo maradhi kwa elimu, si kama mgonjwa ayajuavyo kwa mwili. Na wataijua pia adhabu ya walioangamia. Ni mfano wenye akili, na kwa dhambi za mtu mwenyewe unafaa sana. Kwa mtoto haufai. Mama anayejua mateso ya mwanawe kama tabibu ajuavyo homa ya mgonjwa wa kitanda cha tano amepoteza kile kilichomfanya awe mama. Karne mbili kabla yake Tertullian wa Karthago alikwenda mbali zaidi, akaandika kwa furaha juu ya tamasha la kuwatazama watesi wakiungua. Na wafuasi wa Aquinas wakaipunguza makali furaha hiyo wakisema kwamba wenye heri watafurahia haki ya Mungu, si maumivu yenyewe. Tofauti hiyo ipo, lakini ni nyembamba mno kumbeba mtu aliyezaa. Mbingu inayohitaji moyo uwe mgumu ndipo ufurahi inamlipa mwingine, si yule aliyependa.

Wako Wakristo walioona hivyo tangu kale, na mmoja wao ana ujirani wa mbali na mwambao huu. Isaka wa Ninawi alizaliwa katika karne ya 7 huko Beth Qatraye, kwenye pwani ya magharibi ya Ghuba, nchi ambayo jina lake limesalia katika Qatar ya leo. Alifanywa askofu wa Ninawi, akakaa miezi michache tu, akaiacha kazi hiyo na kwenda kuishi upweke milimani. Aliandika kwa Kisiryani. Kwao kulikuwa kwa wazamia lulu, nao wamo maandishini mwake: mtawa, asema, aupite ulimwengu huu kama mzamiaji anavyoshuka majini akiwa uchi, mpaka aipate lulu. Alipoeleza moyo wenye huruma alisema ni moyo unaowaka kwa ajili ya viumbe vyote, wanadamu, ndege, wanyama, hata mashetani, na mwenye moyo huo hawezi kuwakumbuka bila machozi. Moyo wa namna hiyo, kwake, umefanana na Mungu. Haikumwingia akilini, basi, kwamba Mungu angekuwa na moyo mdogo kuliko wa mtawa wake. Jehanamu aliikubali, na mateso yake aliyaita mapigo ya upendo. Kuwa haitakwisha hakukubali. Maandishi anamoyasema hayo waziwazi yalipotea machoni mwa wengi kwa karne nyingi, hadi Sebastian Brock alipoyatambua mwaka 1983 katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Makanisa mengi hayakumfuata Isaka hadi huko, na sababu zao si za ukatili. Anayesema kwamba hatimaye wote wataingia huulizwa na waliodhulumiwa kama mtesi wao ataketi karamu moja nao, na je, wao wameulizwa? Swali hilo halistahili kupuuzwa. Lakini yule anayelia kwa ajili ya mtesi wake ndiye peke yake mwenye haki ya kulijibu, na Isaka alizungumza juu ya mtu huyo.

Perpetua wa Karthago hakuandika theolojia. Mwaka 203 alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, ana mtoto wa kunyonya, na yu gerezani akingoja kutupwa kwa wanyama. Aliyaandika maono yake kwa mkono wake. Katika ono moja alipanda ngazi ya shaba iliyojaa silaha, akafika katika bustani kubwa, ambamo mzee mwenye nywele nyeupe, amevaa kama mchungaji, alikuwa akikamua kondoo. Alimkaribisha akamtilia mkononi tonge la jibini, na Perpetua alipoamka alikuwa bado anatafuna kitu kitamu asichokijua. Kwa hiyo nafasi yake aliijua. Siku chache baadaye, akiwa katika sala, jina la mdogo wake Dinocrates lilimtoka kinywani ghafula. Mtoto huyo alikufa akiwa na miaka saba kwa donda la saratani usoni. Usiku akamwona akitoka mahali pa giza, ana kiu, donda lake lingalipo. Mbele yake palikuwa na birika la maji, na ukingo wake ulikuwa mrefu kuliko kimo chake. Baina yake na dada yake lilikuwako pengo kubwa lisilovukika.

Pengo kama hilo limetajwa pia katika Injili, baina ya tajiri na Lazaro, na huko halivukwi. Perpetua alianza kumwombea mdogo wake mchana na usiku kwa machozi. Augustino, miaka 200 baadaye, alihangaika na kisa hiki: alipoona kwamba mtu mmoja anakitumia kuthibitisha wokovu wa wasiobatizwa, alijibu kwamba lazima mtoto yule alikuwa amebatizwa. Masimulizi ya Perpetua hayasemi. Yanasema kwamba alimwona tena, mwili wake safi, donda limekuwa kovu, ukingo wa birika umeshuka hadi kitovuni mwake, na juu yake bakuli la dhahabu lenye maji yasiyopungua. Dinocrates alikunywa mpaka kiu ikamwisha, kisha akaondoka pale majini akaenda kucheza, kama watoto wachezavyo.