Tarumbeta Ilipigwa Januari

Somo: Ezekieli 33:1-6



Alhamisi, tarehe 22 Machi 2018, siku tatu kabla ya Jumapili ya Matawi, wahalifu waliingia kwenye mtandao wa kompyuta wa serikali ya jiji la Atlanta, Marekani. Waliyafunga mafaili ya jiji kwa programu haramu iitwayo SamSam, wakadai fidia ya takriban dola 51,000, ilipwe kwa bitcoin. Jiji halikulipa. Wafanyakazi wapatao 8,000 waliambiwa wasiwashe kompyuta zao, na ruhusa ya kuziwasha ilikuja Jumanne ya Juma Kuu.

Mwenye bili ya maji alikuwa na fedha lakini hakuwa na pa kulipia. Aliyeitwa mahakama ya jiji alikuta kesi imeahirishwa. Polisi waliandika taarifa zao kwa kalamu. Tunamshukuru Mungu kwamba simu za dharura ziliendelea kupokelewa na maji yaliendelea kutoka. Lakini kuna vilivyopotea moja kwa moja. Ofisi ya mwanasheria wa jiji ilipoteza kompyuta 71 kati ya 77, pamoja na nyaraka za miaka kumi. Polisi nao walipoteza video zilizorekodiwa na kamera za magari yao ya doria, na video za namna hiyo ndizo wakati mwingine humtetea mtu asiye na shahidi mwingine.

Mwizi ni mwizi, na dhambi ya waliofanya uhalifu huo ni yao. Marekani imewafungulia mashtaka raia wawili wa Iran. Hata hivyo, somo letu leo halimzungumzii adui. Linamzungumzia mlinzi, yule anayeuona upanga ukija akapiga tarumbeta, pamoja na watu wanaoisikia.

Atlanta ilikuwa na mlinzi. Januari ya mwaka huohuo, ofisi ya mkaguzi wa jiji ilitoa ripoti. Ilieleza kwamba uchunguzi wa kila mwezi ulikuwa ukionyesha kasoro kubwa za usalama kati ya 1,500 na 2,000 kwenye mifumo ya jiji, na kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima hapakuonekana ushahidi wa kuzishughulikia. Ripoti ikataja na sababu: kasoro hizo zilikaa muda mrefu mno hata waliopaswa kuzirekebisha wakazizoea, wakaacha kuchukua hatua.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapowaomba tusimame. Hatusikii habari ya watu waovu waliopanga kuliangusha jiji lao. Tunasikia habari ya watu waliokwenda kazini kila siku, wakapokea taarifa ya hatari kila mwezi, mpaka hatari yenyewe ikawa kitu cha kawaida. Mazoea hayatushtui kama wizi unavyotushtua, na hakuna anayeyaungama. Lakini yanaweza kumfungulia mwizi mlango.

Ezekieli anasema aliyeisikia tarumbeta asijihadhari, damu yake itakuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Ni haki, kwa mtu anayejisimamia peke yake. Kwa aliyekabidhiwa watu, jambo linazidi uzito, kwa sababu upanga huwapata wengine. Ripoti ya mkaguzi ilisomwa maofisini, na walioumia ni watu wa foleni ambao hawakuwahi kuiona. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mali ya umma, anayeuacha ufa mara nyingi siye anayeujenga ukuta; hujengwa kwa kodi ya wote. Makadirio yaliyoripotiwa ya hasara ya Atlanta yalifika dola milioni 17.

Afrika Mashariki nako tumeonja. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulishambuliwa, na waliohitaji huduma za serikali wakakwama. Hata pasipo shambulio lolote, maneno "mtandao uko chini, rudi kesho" tunayajua sote. Kwa aliyeacha kibarua chake, au aliyekopa nauli ili afike dirishani, kesho hiyo ina gharama ambayo haiandikwi kwenye ripoti yoyote.

Kwa hiyo, wewe uliyepewa ofisi, fahamu kwamba kutunza nakala za kumbukumbu, kubadili nywila dhaifu na kusoma ripoti ya mkaguzi mpaka ukurasa wa mwisho ni namna ya kumpenda jirani. Hakuna atakayekushukuru kwa hasara ambayo haikutokea. Ifanye kazi hiyo hivyohivyo, kwa kuwa Baba aonaye sirini anaiona. Na wewe unayesubiri kwenye foleni, usimtukane karani. Mara nyingi naye ni mhanga wa uamuzi uliofanywa mbali na dirisha lake.

Kanisa nalo lijiulize. Kitabu cha ubatizo na cha ndoa kina nakala wapi? Mhazini alipoonya mwaka jana, nani alilifanyia kazi onyo lake, au tulimwona msumbufu? Tuwaheshimu walinzi wetu wakati bado wanapiga tarumbeta. Tukingoja mpaka upanga ufike ndipo tukiri kwamba walisema kweli, hatutakuwa tumewasaidia wao wala watu wetu.

Wiki hii kila mmoja wetu achague onyo moja ambalo amelizoea, la daktari, la mke au mume, la mkaguzi, la dhamiri, kisha ajiulize: nikiendelea kulipuuza, nani atalipa? Akishampata mtu huyo, achukue hatua ya kwanza kabla ya Jumapili.

Tuombe: Ee Bwana, tuondolee mazoea yanayotuziba masikio. Wape ujasiri wanaotuonya, na utupe sisi utii wa kutenda mapema, kwa ajili ya wale ambao wangeumia kwa uzembe wetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.